Mtoto anapuliza filimbi, sauti haitoki, anapata kizunguzungu: aachishwe?

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa safu hii anayeishi Japani na familia yake. Binti yake ana miaka 13, yuko mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini. Darasani wameanza kujifunza shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani, na mwalimu amewaruhusu kwenda nazo nyumbani.

"Hii ni wiki ya pili, kila jioni anapuliza na sisikii sauti, ni upepo tu," anaandika baba huyo. "Wenzake wengi wameshaitoa. Juzi alipuliza mpaka akashika ukuta, akasema kichwa kinazunguka na midomo imekufa ganzi. Nikataka kumwandikia mwalimu amtoe kwenye somo hilo. Binti akaanza kulia, akasema nikimtoa darasa zima litajua ni yeye aliyeshindwa. Nifanyeje?"

Baba, jibu la kifupi ni hili: usimtoe, ila badilisha namna anavyofanya mazoezi, tena kuanzia leo. Kizunguzungu chake kina sababu inayoeleweka. Na kwa kiasi kikubwa sababu hiyohiyo ndiyo inayomnyima sauti. Anapuliza kwa nguvu mno.

Filimbi isiyomsaidia mpigaji

Watoto wengi wa Japani huanza na rikoda wakiwa shule ya msingi. Rikoda ina mdomo wenye kijia kinachopeleka hewa moja kwa moja mahali inapotakiwa. Mtoto akipuliza tu, inalia siku hiyohiyo. Akifika sekondari ya chini, mtaala wa huko unataka kila mwanafunzi aonje angalau ala moja ya asili ya Kijapani ndani ya miaka 3. Utaratibu huo ulianza kutumika mwaka 2002. Shule moja huchagua koto, nyingine shamisen, nyingine ngoma za taiko. Ya binti yako imechagua shakuhachi.

Shakuhachi haina kijia kile. Ni bomba lililo wazi juu na chini, lenye matundu manne mbele na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba. Jina lake linatokana na urefu: shaku moja na sun nane, vipimo vya zamani vya Kijapani, ambavyo kwa pamoja ni kama sentimita 54.5. Juu, upande wa mbele, imekatwa mshazari ili kupata ukingo mkali. Basi. Kazi yote iliyokuwa inafanywa na mdomo wa rikoda sasa inafanywa na midomo ya mtoto.

Ili sauti itoke, hewa lazima ipite kama uzi mwembamba, igonge ule ukingo na kugawanyika, nyingine ndani ya bomba, nyingine nje. Ikigonga sawasawa, hewa hiyo huanza kuyumba, inaingia na kutoka kwa kasi sana, na hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka pamoja nayo. Mtetemo huo ndio sauti. Uzi wa hewa ukiwa mpana, ukipita juu ya ukingo, au ukiingia wote ndani, utasikia "shhh" peke yake.

Kila aliyewahi kupuliza juu ya chupa tupu ya soda mpaka ikalia anaijua kanuni hii. Tofauti ni kwamba chupa inasamehe. Shakuhachi haisamehi sana. Kinywa kikisogea milimita chache tu, sauti inapotea.

Kwa hiyo mtoto aliyezoea rikoda anapokosa sauti, hufanya jambo linaloonekana la busara: anaongeza nguvu. Midomo inafunguka zaidi, hewa inatawanyika, sauti inazidi kwenda mbali. Anaongeza tena. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuzunguka.

Kwa nini kichwa kinazunguka

Wazazi wengi hudhani mtoto amekosa oksijeni. Mara nyingi si hivyo.

Tunapopumua tunatoa hewa ya ukaa. Tumezoea kuiona kama uchafu, lakini mwili unahitaji kiasi fulani cha hewa hiyo kibaki kwenye damu. Mtu akivuta na kutoa pumzi nyingi mfululizo huku ametulia mahali pamoja, anatoa hewa ya ukaa kuliko mwili unavyoitengeneza. Kiwango chake kwenye damu kikishuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo. Matokeo yake ni kizunguzungu. Mabadiliko hayohayo ya damu huleta ganzi au kuwashawasha kwenye midomo na ncha za vidole. Ndivyo ilivyomtokea binti yako.

Kwa mtoto mwenye afya, hali hii hupita ndani ya dakika chache akiacha kupuliza na kupumua kawaida. Hatari iliyo karibu zaidi ni kuanguka. Kwa hiyo mazoezi yafanyike akiwa ameketi, kwenye kiti imara, si kusimama karibu na ngazi wala kwenye roshani. Na kama utakumbuka ushauri wa zamani wa kumpumulisha mtu kwenye mfuko, tafadhali usiutumie. Kama shida ni nyingine, kwa mfano pumu, mfuko unaweza kumzidishia.

Asifanye mazoezi akiwa na njaa, na glasi ya maji iwe karibu.

Lini umwone daktari kwanza

Yapo mazingira ambayo hupaswi kusema "atazoea." Zungumza na daktari kabla hajaendelea kama mtoto ana pumu isiyotulia, kifafa, selimundu, ugonjwa wa moyo, kama aliwahi kupata tatizo la pafu kusinyaa ghafla, au kama amefanyiwa upasuaji hivi karibuni wa kifua, jicho au sikio. Kwa kifafa nisisitize: kupumua haraka na kwa nguvu kunaweza kuamsha aina fulani ya degedege kwa watoto.

Asimamishe mazoezi na aonwe na daktari ikiwa:

- amezimia, hata kwa sekunde chache;
- anapata maumivu ya kifua au moyo unaenda mbio bila kutulia;
- anakohoa au kifua kinapiga miluzi baada ya kupuliza;
- kizunguzungu kinabaki hata baada ya kupumzika, au kinakuja siku ambayo hajagusa filimbi.

Mtoto wenye vyuma vya meno au kidonda mdomoni anaweza kupata shida zaidi ya kutengeneza ule uwazi wa midomo. Mwalimu aambiwe, maana hapo tatizo si uvivu.

Filimbi isipuliziwe na watoto wawili bila kusafishwa, hasa mmoja akiwa na mafua au vidonda vya mdomoni. Shule nyingi hutumia za plastiki, na hizo huoshwa kwa sabuni na maji. Ya mwanzi halisi usiiloweke, hupasuka. Ifutwe ndani kwa kitambaa.

Namna ya kuitafuta sauti ya kwanza

Haya yanaweza kufanyika nyumbani, bila mwalimu, na mzazi asiyejua muziki anaweza kusaidia.

Kwanza, weka filimbi pembeni. Mwambie mtoto aweke kiganja mbele ya mdomo, kama sentimita 20 hivi, apulize kama anayepoza chai. Hewa itamwagika kiganja kizima. Sasa abane uwazi wa midomo mpaka ahisi hewa inagusa sehemu ndogo tu, kama sarafu. Midomo isichomoke mbele kama ya kubusu. Ilale, pembe zake zivutwe kidogo sana, na uwazi uwe mdogo kama wa mtu anayetema punje ya mchele iliyobaki kwenye ncha ya ulimi. Hili peke yake lifanyiwe kazi siku ya kwanza.

Pili, kioo. Aone mwenyewe kama uwazi uko katikati ya midomo au umekwenda upande. Watoto wengi hushangaa kugundua kwamba wanapuliza kwa pembeni.

Tatu, shakuhachi nyingi za siku hizi huungwa vipande viwili. Kama yake ni hivyo, atumie kipande cha juu tu. Ni chepesi kushika na hana matundu mengi ya kuyafikiria. Kama ni kipande kimoja, aache matundu yote wazi. Sauti ya chini kabisa, ile inayoitwa ro, huhitaji matundu yote matano yazibwe bila hata ufa wa nywele. Vidole vya mtoto vikivuja kidogo, sauti inakufa, naye atadhani kosa liko mdomoni. Ro itakuja baadaye.

Nne, ukingo wa nyuma wa filimbi ukae kwenye kishimo kilicho chini ya mdomo wa chini, na kidevu kizibe sehemu kubwa ya tundu la juu. Ukingo uliokatwa mshazari uwe mbele, mbali na midomo. Apulize taratibu, kwa hewa ndogo, huku akiinua na kushusha kidevu polepole, kama anayekubali jambo bila haraka. Mahali fulani kwenye mwendo huo atasikia upepo unabadilika, unakuwa kama mluzi wa mbali. Asimame hapohapo. Asiongeze nguvu. Abane midomo kidogo zaidi.

Tano, pumzi moja, kisha apumzike kwa pumzi mbili au tatu za kawaida kupitia puani. Filimbi ishushwe mapajani kati ya jaribio na jaribio. Dakika 10 zikitimia, mazoezi yameisha, hata kama sauti imekaribia. Siku hiyo midomo imechoka, na midomo iliyochoka hufunguka.

Upepo nao una nafasi yake

Kuna jambo moja ambalo binti yako huenda hajaambiwa. Ule upepo unaomliza, wapigaji mahiri wa shakuhachi huutengeneza kwa makusudi. Wanauita muraiki, mlipuko wa hewa unaochanganyika na sauti, na umo ndani ya muziki wenyewe.

Hili lina historia. Karne kadhaa zilizopita shakuhachi ilikuwa mikononi mwa watawa wa madhehebu ya Fuke, tawi la Ubudha wa Zen. Walizunguka mijini wakiomba sadaka, wamevaa vikapu vilivyofunika kichwa chote, wakipuliza. Kwao kupuliza kulikuwa aina ya tafakuri, na pumzi ilikuwa na uzito sawa na sauti. Serikali ya Meiji ilivunja madhehebu hayo mwaka 1871, lakini nyimbo zao bado zinapigwa na kufundishwa.

Wapigaji wa Japani wana msemo pia, kwamba kujifunza kutikisa shingo tu huchukua miaka 3. Wanazungumzia ule mwendo mdogo wa kichwa unaoyumbisha sauti. Mtoto ambaye hajafikisha wiki mbili hajachelewa. Wapo wanaopata sauti siku ya kwanza, wapo wanaokaa wiki kadhaa. Umbo la midomo, meno na taya lina mchango wake. Halisemi lolote kuhusu akili yake wala uimara wa mapafu yake.

Je, inatibu pumu?

Naulizwa hili kila ninapoandika kuhusu ala za kupuliza, kwa hiyo nilijibu mapema. Usimpe mtoto filimbi badala ya dawa. Kuna utafiti mdogo wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la BMJ. Watu 25 waliokuwa wakikoroma na kukatikiwa pumzi usingizini walishiriki, na waliofundishwa kupiga didjeridu, ala ya wenyeji wa Australia, kwa miezi 4 walipungukiwa na usingizi wa mchana. Ulikuwa utafiti wa watu wazima, ala nyingine na tatizo jingine. Hauwezi kubebeshwa pumu ya mtoto. Mwenye pumu iliyotulia anaweza kupiga filimbi kwa ushauri wa daktari wake, dawa yake ya kuvuta ikiwa karibu.

Nafasi yako, baba

Umeandika kwamba alilia uliposema utamtoa. Hapo alikuwa anakueleza anachokiogopa, na hakikuwa kizunguzungu. Ukimtoa kwa ajili ya afya wakati afya yake inaruhusu, utakuwa umemthibitishia anachokihofia.

Badala yake mwandikie mwalimu ujumbe mwingine. Mweleze kuhusu kizunguzungu, uombe binti aruhusiwe kupiga ameketi, kupumzika kila anapohitaji, na kutumia kipande cha juu au matundu wazi mpaka sauti itulie. Uombe pia asiitwe kupuliza peke yake mbele ya darasa kwa sasa.

Nyumbani, acha kuuliza "imetoka?" Swali hilo kila jioni lina jibu moja tu la kumfurahisha, nalo hana. Muulize hewa leo ilikuwa inagonga wapi. Muombe na wewe akufundishe. Utapuliza, utatoa upepo, na hapo atakuwa na mtu wa kumweleza anachokijua tayari, ambacho ni kingi kuliko anavyodhani.

Leo jioni aketi, apulize kidogo, dakika 10. Kesho hivyohivyo.

*Wiki ijayo: mtoto anayekoroma kila usiku, lini ni kawaida na lini apelekwe hospitali.*