Mtoto ananenepa lakini harefuki

Mtoto akinenepa, majirani husifu malezi. Lakini ipo dalili ambayo mzazi hapaswi kuipuuza: suruali ya shule ya mwaka jana inambana kiunoni, ila miguuni bado inamfika vilevile. Mtoto anayenenepa kwa kula sana kwa kawaida hurefuka pia. Anayenenepa huku urefu umesimama, uso umeviringa na tumbo lina michirizi iliyokolea, apelekwe akapimwe homoni ya kotisoli.

Kotisoli hutengenezwa na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Tezi ndogo ya pituitari, chini ya ubongo, ndiyo inayoziamuru kwa homoni ya ACTH. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu huzuia ukuaji, hupandisha presha na sukari, na hudhoofisha mifupa.

Kazi ya kwanza ya daktari ni kuuliza, kwa sababu chanzo kikubwa kwa watoto ni dawa zenye steroidi: vidonge vya predinisoloni au deksamethasoni, na krimu kali, hata ile ya upele wa nepi. Hivyo mzazi wa Njiro anayekwenda Hospitali ya Mount Meru abebe kadi ya kliniki na kila dawa anayotumia mtoto, pamoja na krimu isiyo na lebo. Asione aibu kuitaja.

Kama hakuna dawa, hupimwa mkojo wa saa 24, mate ya usiku, au damu ya asubuhi baada ya kidonge cha deksamethasoni usiku. Vipimo hivi huonyesha kama kotisoli imezidi kweli. Swali linalobaki ni imetoka wapi.

Hapo ndipo kipimo cha kuchochea homoni husaidia. Mtoto hudungwa homoni kama CRH, kisha damu huchukuliwa mara kadhaa kupitia kanula. ACTH na kotisoli zikipanda, uvimbe huenda uko kwenye pituitari. Zisipotikisika, madaktari huangalia adrenali au kwingine. Majibu hayo, pamoja na picha za MRI au CT, husaidia kuamua kama upasuaji ni wa kichwani au tumboni. Kipimo hiki hakifanyiki kila hospitali. Mzazi aulizie mapema rufaa ya hospitali inayoweza kukifanya.

Jambo moja ni la hatari. Mzazi akigundua kuwa dawa ndiyo chanzo, asiikatishe ghafla. Adrenali za mtoto huwa zimelala, na bila kotisoli anaweza kutapika, kuzimia, hata kufariki. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, na anaweza kutumia sindano ya ACTH kupima kama tezi zimeamka. Mpaka hapo, mtoto akipata homa kali au akihitaji upasuaji, kila mhudumu aambiwe kwanza kwamba alikuwa akitumia steroidi.