Hii ni Shule ya Kanisa, Asiyetaka Ahame

Kwenye ukuta wa darasa la gredi ya nne kuna chati: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki, uadilifu. Ndiyo maadili manane ya mtaala wa CBC, na watoto wanayataja bila kukwama. Halafu kengele inalia, watoto wanapanga foleni za paredi, na msichana Mwislamu anaambiwa avue hijabu kwa sababu hii ni shule ya kanisa. Somo la maadili la siku hiyo limefundishwa hapo paredini, mbele ya shule nzima.

Nasema wazi: shule ya umma iliyodhaminiwa na kanisa, ikimlazimisha mtoto wa dini nyingine avae, aimbe na aombe kama wengine, inafundisha kwamba haki ni ya walio wengi. Watoto si wajinga. Wanaelewa haraka sana.

Jibu la wakubwa nalijua: "Kanisa ndilo lilijenga. Asiyetaka ahame." Hiyo nusu ya kwanza ina ukweli, na shukrani tusiwanyime. Wamisheni walikuwa Rabai kabla hakujawa na nchi inayoitwa Kenya. Lakini Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za aina hiyo chini ya serikali, kanisa likabaki mdhamini. Walimu wake leo wanaajiriwa na TSC. Elimu ya msingi bila karo, iliyorudi 2003, inaendeshwa kwa kodi, na mama Mwislamu hulipa kodi hiyo kila akinunua sabuni. Sasa ahame aende wapi, na shule ya umma iliyo karibu ni hiyo hiyo moja?

Sheria yenyewe haijafichwa. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mdhamini kazi ya malezi ya kiroho, ila kinamtaka alinde imani za wengine. Hata kasisi wa shule, mdhamini anamgharamia mwenyewe. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume na imani yake. Hakisemi "isipokuwa ana miaka tisa".

Wengine watakukumbusha kesi ya Isiolo, ya shule ya sekondari iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodist. Mahakama ya Rufaa iliruhusu hijabu 2016. Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi. Wapo wanaouchukulia uamuzi huo kama ruhusa ya kubagua. Si ruhusa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Ukristo wenyewe hauwatumi kufanya hivi. Kwenye CRE mtoto anafundishwa habari za Msamaria Mwema. Shujaa wa hadithi ile ni mtu wa imani iliyodharauliwa, na kuhani ndiye aliyepita kando. Mwalimu anasahihisha jibu hilo kwa wino mwekundu, kisha anatoka nje na kupita kando yeye mwenyewe.

Na hili si jambo dogo la sare. Nchi iliyofundisha dini shuleni miaka yote tangu uhuru ndiyo iliyoona kanisa likichomwa Kiambaa, 1 Januari 2008, na watu wakiwa ndani. Kukariri "umoja" hakukutukinga. Mtoto anayezoea kuona jirani yake akiaibishwa paredini, na kila mtu mzima akinyamaza, anajifunza kunyamaza.

Basi bodi za shule zifanye kazi ndogo tu. Paredi ianze na wimbo wa taifa: ni dua tayari, hautaji dhehebu la mtu, na sauti yake ilitoka kwa Wapokomo, kwenye wimbo wa kubembeleza watoto. Ibada ya PPI iwepo, ila asiye wa imani hiyo apewe mwalimu na kitu cha maana cha kufanya, asiachwe kwenye varanda kama aliyekosea. Hijabu ya rangi ya sare iruhusiwe. Na mzazi akija kuuliza, asiambiwe ahame. Aonyeshwe ile chati ukutani, na hedimasta amweleze shule inaitekeleza vipi kwa mtoto wake.