Mwana mpotevu na ndama wa msibani

Jamani, hivi kwa nini mahubiri ya Mwana Mpotevu siku zote anapigiwa kelele mtoto peke yake? Ikisomwa Luka 15, wanaogeukiwa ni vijana waliokimbilia Dar: tubuni, rudini nyumbani! Sawa, amina. Swali langu ni moja tu. Warudi kwa nani?

Chukua Igowole, kule Mufindi. Chai ipo, mbao zipo, baridi ndiyo usiseme. Bado vijana wanaondoka, wasichana kwenda kufanya kazi za ndani, wavulana kutafuta maisha. Nani kati yetu wa mjini hajasikia habari za dada wa kazi "kutoka Iringa"? Hawa hawakudai urithi kama yule kijana wa kwenye Biblia. Wengi waliagwa kwa furaha ili watume hela.

Sasa mambo yaende kombo. Kazi imeisha, au mimba imeingia, au ugonjwa. Hapo ndipo binti anaogopa basi la kurudi kuliko njaa ya mjini, maana anajua swali linalomsubiri: umeleta nini?

Mkoa wa Iringa unalijua hili. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta karibu watu 16 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi vya UKIMWI, wakati kitaifa walikuwa kama 6. Dawa za kurefusha maisha zilishaanza kutolewa bure tangu 2004. Lakini dawa haimsaidii mtu anayejificha, na mahubiri ya kwamba ugonjwa ni mshahara wa dhambi yanamfundisha mtu kujificha.

Halafu afe uone! Ghafla hela zinapatikana. Kamati inaundwa, daftari la michango linazunguka, gari linakodiwa kusafirisha mwili usiku kucha mpaka Mufindi, na ng'ombe anachinjwa. Nauli ya mtu aliye hai hatuna, ya jeneza tunayo. Ndama aliyenona tunamchinja msibani!

Someni tena ile habari. Toba ya kijana ilianzia tumboni, akiwa analisha nguruwe na kutamani chakula chao. Alitunga hotuba ya kuomba kazi ya kibarua kwa baba yake. Mzee alimwona angali mbali, akakimbia, akamkumbatia kabla hajasikia neno. Hotuba yenyewe hakumwacha aimalize. Hakuuliza umeleta nini.

Mtasema nahalalisha dhambi. Hapana! Kijana alikiri kosa lake waziwazi. Ninachokataa ni kumdai mtu toba huku mlango tumeufunga kwa komeo.

Na sisi wasomi tusijifanye watazamaji. Ndugu yule mkubwa, mchapakazi asiye na kosa, aliyenuna nje na kuhesabu mali zilizoliwa, ndiye sisi. Yesu aliitoa habari hii kwa watu wa dini waliolalamika kwamba anakula na wenye dhambi, na Luka hasemi kama kaka aliingia ndani.

Kwa hiyo vile vikundi vyetu vya watu wa nyumbani, vinavyofufuka siku ya msiba tu, vianze kuchangia nauli ya walio hai. Na makanisa yahubirie wazazi kukimbia.

Naomba kutoa hoja.