Mwenye Nyumba na Mshauri Afichaye Jina

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo liwasumbualo wenye nyumba wa Handeni na Korogwe, wale wapangishao chumba kimoja au viwili wapate fedha ya kusomesha watoto. Mpangaji akiacha kulipa kodi na kuondoka hataki, mwenye nyumba hufadhaika, akamwendea mtu ajuaye kuandika barua kwa maneno makubwa. Mtu huyo hujiita mwanasheria. Watu humwita kishoka.

Na tutoe mfano. Mjane wa Chanika amdai mpangaji kodi ya miezi sita. Kishoka apokea fedha yake, kisha amshauri, "Tia kufuli, toa vyombo vyake nje." Mjane afanya hivyo. Baada ya siku chache mpangaji amshtaki, adai vyombo vilivyopotea. Mwenye kudai amegeuka mdaiwa, na kishoka haonekani tena.

Sheria ina njia yake. Mpangaji alipaye mwezi kwa mwezi hupewa kwanza taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Asipoondoka, neno hupelekwa Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena. Kazi yake ni kupatanisha, nalo limepewa siku 30. Likishindwa, hutoa hati ya kusema hivyo, na kwa hati hiyo shauri huingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama lile la Korogwe. Kishoka huiruka kata ili aonekane mwepesi, na shauri hutupwa kabla ya kusikizwa. Hata asiyeridhika na hukumu ana siku 45 tu za kukata rufani Mahakama Kuu. Akichelewa, kusema hakujua sheria hakumwokoi. Majaji wamekataa udhuru huo mara nyingi.

Tena itazameni hila yake. Sheria ya Mawakili yamtaka aandikaye hati ya shauri atie jina lake na mahali alipo. Kishoka hutia chini ya karatasi, "Imeandaliwa na mdai mwenyewe." Basi kosa likionekana, ni la mdai. Wala siku ya shauri hawezi kusimama kwa niaba yake, maana mbele ya Baraza la Wilaya mtu husimama mwenyewe, au husimamiwa na wakili, au na jamaa yake, au na mtu wa nyumbani mwake.

Nanyi walimu, neno hili lawahusu, kwa kuwa majirani huwaletea karatasi zao. Kumsomea mtu barua na kumweleza maana yake bure ni wema. Lakini asiye wakili akiandika hati ya shauri kwa malipo, avunja sheria, ijapokuwa moyo wake ni mwema.

Basi mwenye nyumba afanyeje? Kwanza akae na mpangaji mbele ya wazee, deni liandikwe, na siku za kulipa zitajwe. Mara nyingi neno huishia hapo. Lisipoisha, wapo wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, ambao msaada wao ni wa bure. Atakaye wakili na aulize cheti chake cha mwaka huu, au alitafute jina lake katika orodha ya Mahakama iitwayo e-Wakili. Kijana mwenye simu aweza kumsaidia. Wala asiogope lugha, maana tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili.

Na kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwulizeni mshauri wenu, "Je, utaliandika jina lako chini ya karatasi hii?" Akisitasita, chukueni karatasi zenu mwende zenu.