Dada Daktari, Kliniki Yako Isimame Imara

Mwezi huu tunazungumza na dada zetu waliosomea udaktari wa meno, ambao wamefungua au wanatazamia kufungua kliniki zao wenyewe. Nawe usiye daktari usifunge ukurasa. Mwenye duka na mwenye cherehani watapata humu neno la kuwafaa.

Kwanza, dada, jipe moyo. Mwaka 1861 chuo cha udaktari wa meno cha Ohio, mjini Cincinnati, Marekani, kilimkataa Lucy Hobbs kwa sababu ni mwanamke. Hakukaa kulia. Alifungua chumba chake cha kutibu meno, kisha akahamia jimbo la Iowa, akafanya kazi mpaka watu wakamjua. Mwaka 1865 chama cha madaktari wa meno wa Iowa kilimpokea kuwa mwanachama, na chuo kile kile kikamfungulia mlango. Mwaka 1866 alipata shahada, akiwa mwanamke wa kwanza nchini mwake. Alipoolewa alimfundisha mumewe kazi hiyo, wakatibu pamoja mjini Lawrence, Kansas.

Lakini moyo peke yake haulipi kodi ya pango. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kodi, mishahara, umeme na maji ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, nawe unafungua siku 25. Basi kila asubuhi unapofungua mlango una deni la shilingi 120,000. Ikiwa kila mgonjwa, baada ya kutoa gharama ya ganzi, glavu na dawa, anakuachia shilingi 15,000, unahitaji wagonjwa 8 ili usipate hasara. Wawili wasipotokea, umepungukiwa shilingi 30,000 siku hiyo. Kwa hiyo karani wako awapigie simu wenye miadi siku moja kabla. Gharama ya simu ni ndogo kuliko kiti kitupu.

Mshahara wako nao uandikwe humo. Kaa na mume wako mkubaliane kiasi chake, na ada za watoto zitoke katika mshahara huo, si katika droo ya kliniki.

Usidhani pia kwamba ni lazima uanze na mkopo mkubwa. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilibuniwa njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono. Sehemu iliyooza na kulainika hukwanguliwa, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno inayotoa floraidi. Haihitaji umeme wala mashine ya kutoboa, na mara nyingi haihitaji sindano. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na mwaka 2021 liliingiza saruji ya aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Haifai kwa kila jino, lakini kwa tundu dogo, hasa la mtoto anayeogopa mashine, inafaa sana.

Mahali pasipofaa kubana matumizi ni usafi. Kila chombo kinachorudi kinywani mwa mgonjwa mwingine kioshwe, kisha kitiwe katika mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu. Kuchemsha sufuriani hakutoshi.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Wagonjwa wengi huja maumivu yanapozidi, nao husema, "Daktari, ling'oe tu." Ukiling'oa unapata fedha leo. Ila kama jino linaweza kupona, mpe kioo alione, mweleze njia zote mbili na bei zake kabla hujashika kifaa, kisha mwache achague. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwambie hivyo, ataelewa. Anayeondoka na jino lake atarudi baada ya miezi sita, naye atakuja na watoto wake.

Liko na jaribu la upande wa pili. Kodi inapokaribia na droo ni tupu, hata jino zima huanza kuonekana bovu. Mgonjwa amefumbua kinywa, haoni unachokiona wewe, anakuamini tu. Dawa ya jaribu hilo ni akiba. Weka kando kidogo kila wiki mpaka utimize gharama za miezi mitatu. Daktari mwenye akiba anaweza kusema bila hofu, "Mama, jino hili ni zima, nenda nyumbani."

Basi, dada, wiki hii nunua daftari. Andika gharama zako za mwezi, zigawe kwa siku za kazi, ujue deni lako la kila asubuhi. Ukishalijua, anza akiba yako Jumatatu, hata kama ni shilingi 5,000.