Kazi za Mikono: Kalamu za Mti na Mashine ya Kwanza

Mwezi huu tunagusa kazi ambayo kwa miaka mingi tumewaachia waume na wana wetu, yaani kukereza. Mafundi wa mwambao wamekereza miguu ya vitanda tangu zamani, na hata mti wa kusukumia chapati jikoni mwako huenda ulipitia mikononi mwa mkereza. Leo hatusemi habari za vitanda. Tunasema habari za kalamu za wino zilizovishwa mti, zile ambazo watu hupeana siku ya mahafali au fundi anapotaka kumshukuru mteja wake.

Uzuri wa kazi hii kwa mama wa nyumbani ni kwamba haili mbao nyingi. Kalamu moja yataka kipande cha urefu wa sentimita 13 hivi na unene wa sentimita 2, yaani kile ambacho seremala hukitupa kiwe kuni. Kwa kalamu ya aina iliyo rahisi, kipande hukatwa mara mbili, kila nusu hutobolewa kwa keekee ya milimita 7, na neli ya shaba ya manjano hugandishwa ndani. Kisha nusu zote mbili huvishwa katika mche mwembamba wa chuma na kuzungushwa, huku patasi ikizipunguza mpaka zilingane na vyuma vya kalamu. Hufuata msasa, halafu king'arisha, na mwisho sehemu zote husukumwa pamoja. Ncha, kibanio cha mfukoni, neli na wino wake huuzwa pamoja kama seti, na nyingi hutoka ng'ambo. Kumbuka hilo unapopiga hesabu, maana kila kalamu itakula seti yake.

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapo ndipo fedha inapopotea. Zamu yako ya upatu imefika. Fundi mmoja anauza mashine kubwa iliyotumika, ya kukerezea miguu ya meza. Dukani ipo ndogo mpya ya kuwekwa juu ya meza, kwa bei isiyopishana sana. Moyo hupenda kubwa. Twaona tumepata chuma kingi kwa fedha ileile. Sisi twasema, kwa kalamu, chukua ndogo. Nafasi ya sentimita 30 baina ya ncha mbili yatosha na kubaki. Mota ya nusu nguvu ya farasi, kama wati 370, yatosha pia. Kalamu hupenda mwendo wa kasi, mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, na mashine nyingi kuukuu za miguu ya meza hazifiki huko. Tena ndogo yabebwa na watu wawili, nayo siku ya kuhama nyumba ya kupanga si jambo dogo. Kama mzee wa nyumba anataka na vitanda, hilo ni shauri jingine, na lizungumzwe kabla fedha haijatoka mkononi.

Usione haya kumwambia muuzaji aiwashe. Kabla ya kuiwasha, shika mche kwa mkono uutikise juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Kisha tia ncha moja katika kichwa cha mashine na nyingine katika mkia, uvute mkia mpaka ncha zikaribie kugusana. Lazima zitazamane sawasawa, ncha kwa ncha. Zikipishana, matundu yatakwenda upande na kalamu haitakuwa duara, hata uwe na mkono mwepesi namna gani. Uliza pia kama tundu la mche ni la kipimo cha Morse namba 2, ambacho huandikwa MT2. Vifaa vingi vya kalamu hutengenezwa kwa kipimo hicho. Na tazama maandishi ya mota. Mashine iliyotoka Marekani huenda ikataka volti 110, nasi huku tunatumia 220 hadi 240. Utalazimika kununua transfoma. Kuhusu kubadili mwendo, zipo za kitufe na zipo za kuhamisha mkanda. Sisi twaona ya mkanda si aibu: mkanda ukikatika, fundi wa mtaani ataupata.

Mashine isimalize fedha yote. Kwa maoni yetu, iishie nusu. Nusu ya pili ni ya patasi tatu, mashine ya kunolea, keekee, mche wa kalamu, msasa, gundi na seti za kuanzia. Mama aliyenunua mashine ya bei na patasi butu atachana mbao wiki nzima.

Ipo na hatari, na hii tusiipite kwa haraka. Khanga, mtandio, mikono mipana ya gauni, bangili na nywele zilizoachiliwa vinaweza kunaswa na mche na kumvuta mtu. Pete ya ndoa ivuliwe iwekwe mahali salama, hakuna atakayekulaumu. Glavu usivae. Miwani ya kukinga uso ni lazima. Umeme ukikatika, zima swichi palepale, usije ukarudi wakati mtoto yuko karibu na mashine. Na vumbi: mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha uamuzi wake kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Basi kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, fanyia kazi barazani penye upepo, na usiweke mashine jikoni wala chumba wanacholala watoto. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu itafute banda la nje.

Mbao ziwe kavu kabisa. Mti mbichi ukigandishwa kwenye neli hupasuka ukikauka. Mpingo ndio kila mtu anautaka, maana hung'aa wenyewe, lakini ni mgumu na hupata moto ukitobolewa. Keekee iende polepole, itolewe mara kwa mara. Tena tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mti huo na jamaa zake iko chini ya mkataba wa CITES. Anayetaka kuuza kalamu za mpingo nje ya nchi aulize kwanza ofisi ya misitu kama kinatakiwa kibali. Kwa kalamu tano za mwanzo, tawi kavu la mwembe linatosha.