Mwezi Mmoja wa Kuisubiri Redoni

Katika maabara inayopima umri wa mabaki ya kale kwa kuhesabu mionzi ya kaboni-14, gesi iliyotokana na mfupa au kaa hufungiwa kwenye chombo, chombo kikaandikwa tarehe, kisha kikawekwa rafuni wiki tatu au nne bila kuguswa. Anayelipia kipimo huona anazungushwa. Mimi naona hiyo ndiyo kinga rahisi kuliko zote, na maabara inayoikatisha ili kumfurahisha mteja majibu yake yasipokelewe.

Kinachosubiriwa ni kuisha kwa redoni, gesi ya mionzi inayozaliwa na urani. Mfupa uliolala ardhini hunyonya urani kutoka maji ya chini, na chembe zikisalia baada ya usafishaji, redoni yake huweza kuchanganyika na kaboni dayoksaidi inayopimwa. Gramu moja ya kaboni ya kiumbe aliyekufa juzi hutoa milio ya mionzi kama 14 kwa dakika kwenye kifaa cha kuhesabia, yaani 840 kwa saa. Redoni ikichomeka sita yake, kosa ni miaka kama 60, si la kumkosesha mtu usingizi. Lakini gramu ya kaboni yenye miaka 40,000 hutoa milio kama sita tu kwa saa nzima! Ikiongezwa sita ya uongo, mfupa umepunguziwa miaka 5,730, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Afadhali redoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, zikipita 30, iliyobaki haifiki asilimia 0.5.

Wapo wanaosema kifaa chenyewe huweza kuitenga redoni, kwa kuwa mlio wake ni mzito kuliko wa kaboni. Ni kweli kwa redoni yenyewe, ila inapovunjika huacha risasi na bismuthi za mionzi, ambazo milio yake huweza kupita kama ya kaboni. Wengine watasema tangu 1977 zipo mashine zinazohesabu atomi zenyewe, hazijali mlio wa redoni. Sina ubishi nao. Ila vitabu vya akiolojia bado vimebeba tarehe nyingi zilizopimwa kwa gesi tangu miaka ya 1950. Anayezinukuu leo aulize chombo kilikaa siku ngapi, na kama gesi ilihesabiwa mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa: hesabu ya pili ikishuka waziwazi, redoni ilikuwamo.